Mali bila Daftari: Tathmini ya Programu za Kusimamia Mahusiano na Wateja

Wahenga waliposema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari, huenda walikuwa wakifikiria bidhaa na fedha, lakini mfanyabiashara aliyekaa kwenye kazi yake muda wa kutosha anajua kwamba mali inayopotea kimyakimya kuliko zote ni watu. Mteja hupunguza kuja, kisha haji kabisa, na hakuna ofisini anayeweza kusema ni lini alianza kuondoka wala ni jambo gani lililomwondoa. Programu za kusimamia mahusiano na wateja huuzwa kwa ahadi ya kuziba pengo hilo. Zinadai kwamba zitamkumbuka kila mtu, zitahifadhi kila mazungumzo, na zitatuhimiza kumjulia hali mteja kabla hajatusahau. Nimezitumia kwa miaka kadhaa katika kazi ya kuuza na kuhudumia mashine za kuchapishia, na nimekuwa pia upande wa pili, nikiwa mnunuzi ambaye jina lake limo katika programu za watu wengine. Ninayoyasema hapa yanatokana na pande zote mbili.

Tathmini nyingi za programu hizi huhesabu vitu vilivyomo: idadi ya ripoti, kasi ya kufunguka, uwezo wa kuungana na barua pepe, uzuri wa dashibodi, yaani skrini ya muhtasari wa takwimu. Hayo yana nafasi yake, lakini hayajibu swali lililomfanya mtu anunue programu yenyewe. Kipimo changu ni kimoja: baada ya programu kuingia ofisini, je, mteja anaona kwamba anashughulikiwa na watu wanaomjali kweli, na je, anaendelea kubaki kwa sababu hiyo? Kwa kipimo hicho, jibu langu ni kwamba programu hizi ni kumbukumbu nzuri sana na ni msemaji mbaya sana. Zinapotunza yale ambayo sisi tungeyasahau, zinastahili kila sifa. Zinapoachiwa kuzungumza na mteja kwa niaba yetu, hubomoa zaidi ya zinavyojenga.

Anayetaka kuelewa kwa nini ziko hivyo atazame zilikotoka. Katika miaka ya 1950 kampuni ya Arnold Neustadter huko New York ilianza kuuza Rolodex, kifaa cha mezani chenye kadi zilizopangwa kwenye gurudumu, ambacho muuzaji alikizungusha kwa kidole hadi akalipata jina alilolitafuta. Kwenye kadi aliandika simu na anwani, na akiwa mwangalifu aliongeza jambo moja au mawili kuhusu mtu mwenyewe. Mwaka 1987 ikaja programu ya ACT!, ambayo ilizihamishia kadi hizo kwenye kompyuta. Mwaka 1993 Thomas Siebel, aliyewahi kufanya kazi katika kampuni ya programu ya Oracle, alishiriki kuanzisha Siebel Systems, na kazi iliyokuwa ya muuzaji mmoja ikageuka kuwa mfumo wa kampuni nzima. Mwaka 1999 Marc Benioff, ambaye naye alitoka Oracle, alianzisha Salesforce pamoja na wenzake huko San Francisco, wakaitoa huduma hiyo kupitia intaneti ili mteja asilazimike kusakinisha kitu chochote katika mashine zake. HubSpot, kampuni nyingine ya programu za aina hii, ilifuata mwaka 2006.

Katika safari hiyo mwenye kadi alibadilika. Kadi ya Rolodex ilikuwa ya muuzaji aliyemfahamu mtu; mfumo wa leo ni wa meneja anayetaka kufahamu muuzaji anafanya nini. Ndiyo maana skrini ya kwanza ya programu nyingi huonyesha hatua za mauzo, yaani nani ameulizia, nani amepelekewa bei na nani anakaribia kusaini, huku watu wenyewe wakiwa wamejificha nyuma ya kiasi cha fedha kinachotarajiwa kutoka kwao. Silaumu mpangilio huo, kwa sababu biashara isiyojua fedha zake za mwezi ujao zitatoka wapi haiwezi kumjali mtu yeyote kwa muda mrefu. Nasema tu kwamba anayenunua programu ya aina hii ajue imeundwa kutazama upande gani, na ajue kwamba kuigeuza itazame upande wa mteja ni kazi yake mwenyewe.

Uzuri wake ni mkubwa kuliko wakosoaji wanavyokubali. Kumjali mtu huanza kwa kukumbuka alichokuambia, na kichwa cha binadamu hakiwezi kubeba mazungumzo ya mamia ya watu bila kuyachanganya. Katika programu niliyoizoea, ukurasa wa mteja una sehemu za kawaida za jina, anwani, ankara na tarehe za matengenezo, halafu chini kabisa kuna kisanduku kitupu cha maelezo ambacho wauzaji wengi hukiruka. Hapo ndipo penye thamani. Katika ukurasa wa ofisi moja ya uhasibu tunayoihudumia pameandikwa kwamba mashine ya ghorofa ya pili hufanya kazi nyingi siku za mwisho wa mwezi, hivyo fundi asipangiwe siku hizo. Kwamba mkuu wa ofisi hapendi kupigiwa simu, aandikiwe ujumbe. Na kwamba fundi aliyetangulia aliahidi kuwaletea trei ya karatasi nzito, na trei hiyo haijapelekwa. Fundi mgeni ambaye hajawahi kukanyaga pale anaweza, kwa kusoma mistari hiyo, kutuma ujumbe badala ya kupiga simu, akafika katikati ya mwezi, na akaingia mlangoni akiwa na trei mkononi. Mteja ataona kwamba anafahamika, na hakuna punguzo la bei wala zawadi ya mwisho wa mwaka iliyohitajika.

Mstari ule wa tatu, wa trei, unastahili kukaziwa zaidi kuliko mingine. Ahadi kubwa huandikwa katika mkataba, na kila upande una mtu wa kuilinda. Ahadi ndogo husemwa mlangoni wakati wa kuagana, mmoja akiwa ameshika begi la zana na mwingine akiwa na simu sikioni: nitakuulizia, nitakuletea, nitakujulisha wiki ijayo. Aliyeisema huisahau kabla hajafika ngazi ya mwisho, aliyeambiwa haisahau. Wala hatalalamika, kwa sababu jambo lenyewe ni dogo mno kulalamikiwa, lakini ataliweka akilini, na yakijumlishwa machache ya namna hiyo yatatosha kumfanya apokee kwa hamu simu ya mshindani wetu. Karibu kila programu ya aina hii, hata zile zinazotolewa bure, ina kikumbusho kinachoweza kufungwa kwenye ukurasa wa mteja pamoja na tarehe na jina la mhusika. Kama ningeruhusiwa kubaki na kipengele kimoja tu na kufuta vingine vyote, ningebaki na hicho. Utaratibu unaofaa ni kwamba hakuna mtu anayefunga taarifa ya ziara bila kujaza alichoahidi, na kama hakuahidi chochote aandike hivyo, ili ukimya usichukuliwe kuwa ni kumbukumbu.

Kumbukumbu hiyo huonyesha faida yake hasa mfanyakazi anapoondoka. Katika biashara nyingi ndogo uhusiano wote na mteja huwa umekaa kichwani mwa mtu mmoja, na siku akihama mteja hulazimika kuanza upya kujieleza: sisi ni nani, tulinunua nini, tulikubaliana nini na yule mwenzako. Kumlazimisha mtu ajitambulishe kwa biashara aliyoilipa kwa miaka mingi ni utovu wa adabu, hata kama umefanywa kwa sauti ya upole. Ukurasa uliotunzwa vizuri humwondolea adha hiyo. Naongeza tu kwamba ukurasa hauchukui nafasi ya kuagana. Mfanyakazi anayeondoka anapaswa kumpeleka mrithi wake kwa wateja wakubwa, uso kwa uso, na programu isigeuzwe kuwa kisingizio cha kukwepa jambo hilo.

Hata hivyo, kumbukumbu bila mamlaka ya kutenda haifiki mbali, na hapa wanunuzi wengi wa programu hizi hukwama. Hoteli za Ritz-Carlton zinajulikana kwa kuandika mambo ambayo mgeni anayapenda na asiyoyapenda ili hoteli nyingine ya kampuni hiyohiyo iyajue kabla hajafika. Jambo linalotajwa kwa nadra zaidi katika mijadala ya programu ni kwamba kampuni hiyo pia iliwapa wafanyakazi wake ruhusa ya kutumia hadi dola 2,000 za Marekani kwa mgeni mmoja ili kutatua tatizo lake bila kwanza kumwomba msimamizi. Kampuni hiyo ilishinda tuzo ya ubora ya Malcolm Baldrige ya Marekani mwaka 1992 na tena mwaka 1999. Kiasi cha fedha si hoja, maana biashara nyingi haziwezi kukifikiria. Hoja ni kwamba taarifa na ruhusa viliwekwa mikononi mwa mtu yuleyule. Mpokea simu anayeona kwenye skrini kwamba mteja amecheleweshewa kipuri mara mbili, lakini hana ruhusa ya kumwazima mashine nyingine hata kwa siku moja, amepewa macho akanyimwa mikono. Mteja naye huumia zaidi, kwa sababu sasa anajua kwamba tunajua.

Upande wa programu kuzungumza na wateja ndio uliotangazwa sana miaka ya karibuni, na ndio ulionifanya niandike tathmini hii. Programu za leo hutuma ujumbe zenyewe: salamu za siku ya kuzaliwa, shukrani za ununuzi, maneno ya aina ya "tumekukumbuka" kwa mteja aliyenyamaza, na maombi ya kutathmini huduma. Ombi lililoenea kuliko yote linatokana na makala ya Fred Reichheld iliyotolewa na Harvard Business Review mwaka 2003, iliyopendekeza kampuni ziulize swali moja tu, yaani kuna uwezekano gani kwamba ungempendekezea rafiki kampuni hii, kwa kipimo cha 0 hadi 10. Wanaojibu 9 au 10 huhesabiwa kuwa wapiga debe wa kampuni, wa 7 na 8 huachwa kando, na wote wa kuanzia 6 kushuka chini huhesabiwa kuwa wasioridhika. Asilimia ya hawa wa mwisho hutolewa katika ile ya wapiga debe, na kinachobaki ndicho alama. Wazo lenyewe halikuwa baya, kwa kuwa lilikusudia kumfanya mkuu wa kampuni asikilize mteja kabla ya kusikiliza hesabu za robo mwaka.

Nilipokea swali hilo kutoka kwa msambazaji mmoja wakati mashine niliyoinunua kwake ilikuwa imelala kwenye karakana yake mwenyewe ikisubiri kipuri, na hakuna mtu aliyekuwa amenieleza kipuri kiko wapi. Ujumbe uliniita kwa jina langu la kwanza, ukasema kwamba maoni yangu ni muhimu sana kwao, ukaniomba sekunde chache za muda wangu. Nilijibu kwa kuandika hali ilivyo, katika nafasi iliyotolewa kwa ajili ya maoni, na mara hiyohiyo nikapata ujumbe wa pili wa kunishukuru kwa kusaidia kuboresha huduma. Kipuri hakikutajwa. Ni wazi kwamba idara ya masoko na karakana zilikuwa zikitumia kurasa mbili tofauti kuhusu mtu mmoja, na kwamba ujumbe ule ulitumwa kwa sababu siku fulani zilikuwa zimepita tangu ankara ilipolipwa. Hakuna binadamu aliyefanya jambo baya, na ndilo linalotia hofu: mteja alidharauliwa bila mtu yeyote kukusudia na bila mtu yeyote kujua. Kama wangekaa kimya, ningebaki na malalamiko ya kipuri peke yake.

Kampuni zikianza kulipa bonasi kwa alama hiyo, mambo huharibika kwa njia nyingine. Mhudumu humwambia mteja, kwa uso wa kuomba, kwamba chini ya 9 yeye huhesabiwa ameshindwa, na mteja mwenye huruma humpa 10 ili asimponze. Kilichoanzishwa ili kampuni imjali mteja kimeishia kumfanya mteja amjali mhudumu aliyebanwa na kampuni. Hali kama hiyo hutokea ndani ya ofisi pia, pale meneja anapohesabu simu zilizopigwa kwa siku. Wauzaji hupiga simu wakati wanapojua kwamba haitapokelewa, wakaandika kwamba wametimiza wajibu, na dashibodi ikapendeza.

Kuna anayeweza kunipinga kwa kumtaja Joe Girard, muuzaji wa magari ya Chevrolet katika eneo la Detroit, ambaye kati ya 1963 na 1978 aliuza magari 13,001, moja baada ya jingine kwa wanunuzi wa kawaida, na ambaye anatambuliwa na kitabu cha rekodi za dunia cha Guinness kwa rekodi hiyo. Girard alikuwa akiwatumia wateja wake wote kadi kila mwezi, kadi zilezile kwa maelfu ya watu, zikiwa na salamu fupi za kuwaambia kwamba anawapenda. Je, huo si ujumbe otomatiki wa zama za posta? Nimelitafakari swali hili, na nadhani tofauti ilikuwa nyuma ya kadi. Aliyeipokea alijua kwamba gari likimsumbua angerudi kwa mtu huyohuyo, na Girard mwenyewe alieleza jinsi alivyojitahidi kupatana na mafundi wa karakana, akiwakirimu na kuwauliza habari za familia zao, ili gari la mteja wake likifika lishughulikiwe upesi. Kadi ilikuwa ukumbusho wa jambo lililokuwepo. Programu hutuma kadi kwa bidii kubwa zaidi kuliko Girard, lakini haiendi karakana kuzungumza na fundi.

Kuhusu pointi na zawadi za wateja wa kudumu, ambazo programu nyingi huzijumuisha, sina mengi. Tangu American Airlines ilipoanzisha mpango wake wa AAdvantage mwaka 1981, biashara za kila aina zimeiga utaratibu wa kumlipa mteja ili arudi, na kwa hesabu unafanya kazi. Unachofunga ni mkono wa mteja. Atahama siku mshindani atakapotoa pointi nyingi zaidi, na hatakuwa amemkosea mtu.

Upungufu mkubwa zaidi, na ambao sijauona ukijadiliwa vya kutosha, ni kwamba programu hizi humtambua mtu mmoja tu anayestahili kutunzwa, naye ni mnunuzi. Wanaotuuzia vipuri, wanaotusafirishia mizigo na mafundi wa nje tunaowaita kazi zikizidi huwa hawana ukurasa, au wana ukurasa katika programu nyingine ya malipo ambako hujulikana kwa namba ya akaunti. Ilhali uhusiano unaookoa biashara siku ya shida mara nyingi huwa ni huo.

Mfano ulio wazi ni wa alfajiri ya tarehe 1 Februari 1997, wakati moto ulipoteketeza kiwanda cha Aisin Seiki katika mji wa Kariya, Japani. Kiwanda hicho ndicho kilichotengeneza karibu vali zote za breki zilizojulikana kama vali za P kwa ajili ya magari ya Toyota, kijisehemu kidogo kinachodhibiti shinikizo la breki za magurudumu ya nyuma. Kwa kuwa Toyota ina utaratibu wa kutolimbikiza vipuri, akiba iliyokuwepo ilikuwa ya muda mfupi sana, na baada ya siku chache viwanda vyake vingi vya Japani vilisimama. Aisin ikatoa michoro ya vali kwa yeyote aliyeweza kusaidia. Makumi ya kampuni zikageuza mashine zao kuchonga kifaa ambacho nyingi hazikuwa zimewahi kukitengeneza, miongoni mwake ikiwemo Brother, inayofahamika kwa vyerehani na, kwa sisi wa kazi hii, kwa mashine za kuchapishia. Kazi ilianza kabla ya mtu yeyote kukubaliana na mwenzake juu ya malipo. Vali za kwanza zilipatikana ndani ya siku chache, na katika muda wa wiki moja hivi uzalishaji ulikuwa umerudi karibu na kawaida.

Sidai kwamba walifanya hivyo kwa upendo mtupu. Toyota ikisimama, nao husimama, na kila mmoja wao alilijua hilo vizuri. Lakini maslahi ya pamoja hayatoshi kueleza kwa nini mtu aanze kazi ya gharama kubwa usiku bila karatasi ya malipo mkononi. Kinachoeleza ni miaka mingi ambayo Toyota ilituma wahandisi wake kuwasaidia wanaoiuzia vipuri kurekebisha viwanda vyao, na ikabaki nao badala ya kuwabadilisha kila mwaka kwa ajili ya bei. Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki, na rafiki wa namna hiyo hapatikani siku ya moto. Nilipolifahamu jambo hilo kwa undani niliwafungulia kurasa watu wanaotuuzia vipuri katika programu ileile ya wateja, jambo ambalo haikuundwa kulifanya lakini haikulikataa. Katika kisanduku cha maelezo tunaandika kama tulivyoandika kwa wateja: huyu hufunga hesabu zake tarehe fulani, basi malipo yasipite siku hiyo, huyu ghala lake ni dogo, basi oda igawanywe mara mbili. Kumlipa mtu kabla hajalazimika kukudai ni namna ya kumjali inayozidi salamu nyingi, na ni kikumbusho kimoja tu katika programu.

Liko pia suala la mpaka kati ya kumjua mtu na kumchungulia. Kisanduku kile cha maelezo nilichokisifu kinaweza kugeuka haraka kuwa mahali pa kuhifadhi ugonjwa wa mke wa mteja, madeni yake, au maoni ya muuzaji kuhusu tabia yake. Wako wanaofundisha wauzaji kukusanya habari za familia ili wapate la kuanzia mazungumzo, na mteja akiulizwa na mtu asiyemfahamu kuhusu mtihani wa mwanawe hupata baridi badala ya joto. Sheria ya Umoja wa Ulaya ya ulinzi wa data, iliyoanza kutumika tarehe 25 Mei 2018, inampa mtu haki ya kuomba nakala ya taarifa zake, ya kusahihisha zilizokosewa, na katika hali fulani ya kutaka zifutwe. Hata mahali ambapo sheria hiyo haifiki, ni kipimo kizuri cha kuandikia: andika kila mstari kana kwamba mteja ataomba nakala kesho. Mistari ile mitatu ya ofisi ya uhasibu ningeisoma kwa sauti mbele ya wenyewe bila kuona haya. Habari ambayo mteja amekuambia kama rafiki ibaki kichwani mwa aliyeambiwa, na akiisahau, basi hakuwa na haki ya kuikumbushwa na mashine.

Kuhusu ipi ichaguliwe, ushauri wangu unategemea ukubwa wa kazi kuliko jina la kampuni. Anayehudumia watu wachache hahitaji programu; lahajedwali lenye safu ya ahadi na safu ya tarehe litamtosha, na daftari la mkono pia, mradi lisomwe kila asubuhi. Biashara yenye wafanyakazi kadhaa wanaopokezana wateja inaweza kuanza na HubSpot au Zoho, ambazo zina matoleo ya bure yenye kumbukumbu na vikumbusho vya kutosha, na isiharakishe kupanda ngazi za malipo, kwa kuwa sehemu kubwa ya kile kinacholipiwa ni ujumbe otomatiki na ripoti za meneja. Salesforce ina uwezo mpana kuliko zote nilizozigusa, lakini huhitaji mtu wa kuisimamia, na bila mtu huyo kurasa hujaa sehemu ambazo hakuna anayezijaza. Kwa mtu mmoja anayefanya kazi kwa jina lake mwenyewe ipo Monica, programu huria, yaani ambayo msimbo wake uko wazi kwa wote, inayoweza kuwekwa kwenye seva yako na ambayo iliundwa kwa ajili ya kukumbuka marafiki na jamaa. Haina hatua za mauzo kabisa, na kwa maoni yangu hiyo ni sifa.

Kabla ya kulipia yoyote, muuzaji wa programu aulizwe mambo matatu na aombwe ayaonyeshe kwa vitendo. Je, karakana, masoko na mhasibu wataona ukurasa mmoja wa mteja? Je, malalamiko yakiwa wazi, ujumbe wote otomatiki kwa mteja huyo husimama wenyewe hadi yafungwe? Je, siku nikitaka kuhama, nitaondoka na kumbukumbu zangu zote, pamoja na maelezo ya kisanduku kile, katika faili ninayoweza kuifungua mahali pengine? La pili ndilo huwafanya wengi wao waanze kutafuta maneno. Zipo zinazoweza, lakini mara nyingi hulazimu kuliweka sharti hilo kwa mkono, ujumbe baada ya ujumbe, na ni kazi ya kuchosha inayopaswa kumalizwa kabla ujumbe wa kwanza haujatoka.

Kwa upande wa kumbukumbu, basi, nazipa programu hizi alama nne kati ya tano, moja ikipunguzwa kwa kuwasahau wanaotuuzia vipuri na wanaotusafirishia mizigo. Kwa upande wa kuzungumza na wateja nazipa moja, na hiyo ni kwa ajili ya ujumbe wa kuthibitisha miadi, ambao ni mfupi, ni wa kweli, na haujifanyi rafiki. Anayeanza leo na azizime sehemu nyingine zote za kutuma ujumbe, aingize kwanza wateja waliowahi kulalamika, na ampigie kila mmoja wao simu kabla ya kuandika neno lolote katika ukurasa wake.